Siku lodi mnene alipohesabiwa watu kumi: Bunge la Makabaila, 27 Mei 1679

Karani Mstaafu

Wakuu, heshima mbele.

Juzi kwenye uzi wa mahabusu kuna mdau aliandika kwamba habeas corpus, ile hati ya jaji ya kuamuru mfungwa aletwe mbele yake, ni "zawadi ya wafalme wa Uingereza kwa raia wao". Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nikanyamaza. Lakini hilo neno zawadi limenikaa kooni kama mwiba wa perege. Sheria yenyewe ya habeas corpus ya 1679 ilipita siku ya vurugu tupu, mfalme akiwa njiani kuja kuwafungia wabunge kikao, na hesabu ya kura zake mpaka leo haifungi. Ndiyo nimeona nifungue uzi wake.

Mimi si mwanahistoria wala mwanasheria. Nimeandika mihtasari ya vikao zaidi ya miaka ishirini hadi nilipostaafu. Kwa hiyo nikipewa habari ya Bunge lolote, siendi kwenye hotuba. Naomba daftari la mahudhurio kwanza.

Siku yetu ni Jumanne, 27 Mei 1679. Mahali ni Westminster, London, kwenye Bunge la Makabaila, ile nyumba ya juu ya malodi na maaskofu. Mfalme ni Charles II.

Naandika kwa simu, nitaleta kidogo kidogo. Vumilieni.

Mtoto wa Mtera

Nimekaa paleee. Shusha mzigo mkuu.

binti_mwambao

Kabla hujaenda mbali, tupe ukumbi ulivyokuwa. Mimi nisipoona mahali sielewi kisa.

Karani Mstaafu

Haya binti. Kwanza ufute kichwani lile jengo la sasa lenye mnara wa saa. Kasri la zamani liliungua 1834. Mwaka huo wa 1679 malodi walikutana kwenye chumba cha kale cha ghorofani, juu ya ile stoo ambamo Guy Fawkes alikamatwa 1605 akiwa na mapipa 36 ya baruti. Kuta zimefunikwa mazulia makubwa yaliyofumwa picha za vita vya baharini vya 1588, meli za Hispania zikipata kichapo. Kuna sehemu ya moto ya kuota baridi, na lodi aliyechoka kusikiliza husimama pale akajifanya anapasha mikono.

Mwisho wa chumba kuna kiti cha enzi. Mbele yake kuna magunia, na nikisema magunia namaanisha magunia kweli: mito mikubwa ya kitambaa chekundu iliyoshindiliwa sufu. Juu ya gunia moja anakaa Lord Chancellor, ambaye ndiye kama Spika wao. Siku hiyo alikuwa Heneage Finch. Magunia mengine ni ya majaji. Majaji wanaitwa kutoa ushauri wa sheria ila kura hawana. Maaskofu wanakaa kulia kwa kiti cha enzi, wakubwa wa vyeo kushoto, na mabaroni wadogo kwenye mabenchi yanayokatisha chumba. Nani akae wapi iliandikwa kwenye sheria tangu 1539, enzi za Henry VIII. Hata huko watu walikuwa wanagombea kiti cha mbele.

Sufu ndiyo ilikuwa kama korosho yao, ndiyo kahawa yao. Mwaka 1678, mwaka mmoja tu kabla ya kisa chetu, Bunge hilihili lilipitisha sheria kwamba maiti wazikwe kwa sanda ya sufu tupu, na familia ikikaidi faini pauni 5. Wewe fikiria, umefiwa, halafu unaulizwa sanda ni ya kitambaa gani ili soko la kondoo lisianguke.

Chini ya magunia kuna meza ya karani. Hapo ndipo roho yangu ilipo. Aliyekaa pale anaitwa John Browne. Alianza ukatibu 1638. Mwaka 1649 wakamkata mfalme kichwa na nyumba yenyewe ikafutwa, Browne akakosa kazi. 1660 ufalme ukarudi, nyumba ikarudi, naye akarudi mezani pake. Siku ya kisa chetu ana miaka zaidi ya arobaini tangu ashike kalamu ile mara ya kwanza.

Kijana wa Ilala

Miaka 40 na hakuna mtu aliyemtafutia figisu? Huyo alikuwa na mganga.

Karani Mstaafu

Hahaha. Aliona mengi na aliandika machache, ndiyo siri ya ukarani.

Sasa siku inaanzaje. Asubuhi karani anaandika tarehe kwa Kilatini: *Die Martis, 27 die Maii*. Askofu mgeni kuliko wote anasoma sala. Kisha majina ya waliofika yanaandikwa kwa safu, maaskofu upande wao, malodi upande wao. Siku hiyo majina yalikuwa 107. Shikeni hiyo namba, 107, tutairudia.

Kisha miswada. Muswada husomwa mara tatu, na kusomwa ni kusomwa kweli, kwa sauti, kwa sababu nakala ni moja. Lodi hana kabrasha mapajani kwake kama wabunge wa leo. Anasikiliza. Karani anaandika *hodie prima vice lecta est billa*, yaani leo muswada umesomwa mara ya kwanza. Mara ya pili ndipo mjadala na kamati, mara ya tatu ndipo uamuzi. Siku ya kawaida unakuta muswada wa kumpa mgeni uraia, muswada wa lodi fulani kuuza shamba la urithi alipe madeni, rufaa ya kesi, kisha muswada wa taifa zima umebanwa katikati. Ukisoma daftari zao unashangaa sheria kubwa zilivyopenya kati ya madeni ya watu.

Muswada ukianzia kwa Makabwela, yaani nyumba ya chini, unafika kwa malodi tayari umeandikwa kwenye ngozi. Malodi hawaukwangui. Marekebisho yao wanaandika kwenye karatasi ya pembeni, wanarudisha vyote viwili. Makabwela wakikataa marekebisho, inaitishwa mkutano wa pamoja kwenye chumba kingine kilichoitwa Chumba cha Michoro. Kwenye mkutano huo malodi wanakaa, kofia kichwani. Wawakilishi wa Makabwela wanasimama, kofia mkononi.

Mtoto wa Mtera

Wanasimama muda wote??

Karani Mstaafu

Muda wote. Hata ikiwa wao ndio waliobeba muswada wa kodi ambayo hao waliokaa wanaisubiri kwa hamu.

Na hata kuleta ujumbe tu: wabunge wa chini wakija mlangoni mwa malodi wanainama mara tatu. Malodi wakitaka kupeleka ujumbe kule chini hawaendi wenyewe, wanatuma majaji au maofisa wa mahakama.

Nyanya Chungu

Mkuu usitupeleke kwenye kofia tukasahau mwili. Hiyo habeas corpus ilikuwa na tatizo gani mpaka itungiwe sheria? Mbona nasikia ilikuwepo tangu zamani?

Karani Mstaafu

Swali zuri mama. Ilikuwepo. Habeas corpus ni hati ya jaji kumwambia mkuu wa gereza: mlete huyo mtu mwenyewe hapa mbele yangu, na useme umemfunga kwa kosa gani. Tatizo lilikuwa matundu. Mahakama ikiwa likizo, majaji wanasema wako mapumzikoni. Mkuu wa gereza akipata hati anamhamishia mfungwa gereza jingine, hati inafika mlango usio na mtu. Au hajibu, anasubiri hati ya pili na ya tatu. Na tundu kubwa kuliko yote: unamsafirisha mtu nje ya nchi ambako hati haifiki. Waziri mkuu wa zamani wa Charles, Clarendon, alipoangushwa 1667, moja ya tuhuma zake ilikuwa hiyohiyo, kupeleka watu kufungwa visiwani mbali na mahakama.

Halafu 1676 kuna mfanyabiashara wa London, Francis Jenkes, alisimama kwenye mkutano wa jiji akadai Bunge jipya liitishwe. Akatiwa ndani. Akazungushwa kutoka kwa jaji huyu kwenda kwa yule, kila mmoja ana sababu ya kutompa dhamana.

Makabwela walianza kupeleka miswada ya kuziba matundu haya tangu 1668. Ikawa inafia njiani, mingine mikononi mwa hawa hawa malodi. Safari hii 1679 mtu aliyeubeba kule juu alikuwa Earl wa Shaftesbury, mjanja, mfupi, mgonjwa wa ini, na mwenyewe alikuwa ametoka kifungoni Tower, ile ngome-gereza ya London, mwaka uliotangulia. Alifungwa na nani? Na malodi wenzake, kwa kusema kwamba Bunge lilikuwa limeisha uhalali wake. Kwa hiyo alipozungumzia jela alikuwa anajua harufu yake.

Wakili Mtoro

Ongeza hapo kwamba alikaa ndani mwaka mzima kwa amri ya Bunge, na mahakama ya juu ilipoombwa habeas corpus ikasema haina uwezo juu ya amri ya malodi wakati Bunge liko kikaoni. Na sheria ya 1679 hata hilo halikuligusa. Kwa hiyo hata yeye mwenyewe isingemsaidia.

Karani Mstaafu

Asante wakili. Karibu uzi, ndio wenyewe.

Sasa tufike Jumanne. Hali ya hewa ya kisiasa ni hii: tarehe 21 Mei Makabwela wamepitisha usomaji wa pili wa muswada wa kumzuia mdogo wake mfalme, James, asirithi kiti kwa kuwa ni Mkatoliki. Kura 207 kwa 128. Wakati huohuo nyumba mbili zinagombana kama maaskofu wana haki ya kukaa kwenye kesi ya waziri Danby na ya malodi watano wa Kikatoliki walioko Tower. Kila mtu anajua mfalme atafunga kikao wakati wowote, na siku hiyo habari imezagaa kwamba ndiyo leo. Bunge likifungwa, muswada ambao haujamalizika unakufa. Hakuna kuendelea pale mlipoishia, mnaanza upya.

Muswada wa habeas corpus umekwama kwenye marekebisho. Makabwela hawayataki baadhi. Swali lililowekwa mbele ya malodi asubuhi ile si "mnaikubali habeas corpus?" Swali ni dogo na kavu kama maswali yote ya vikao: tukutane tena na Makabwela kuhusu marekebisho, au tusikutane? Ukisema tusikutane, umeua muswada bila kuugusa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati anaijua mbinu hiyo. Hupingi hoja, unaomba tu iahirishwe.

Wakapiga kura. Kwao hawasemi ndiyo na hapana. Wanasema "nimeridhika" na "sijaridhika". Sauti zikikaribiana, upande mmoja unatoka nje ya kizuizi cha mlangoni, na wahesabuji wawili, mmoja kila upande, wanahesabu vichwa. Waliochaguliwa: Lord Grey kwa wanaotaka muswada, Lord Norris kwa wasioutaka.

Kuna askofu anaitwa Gilbert Burnet aliyeandika kumbukumbu za enzi ile, zikaanza kuchapwa 1724, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa miaka tisa. Anasema Norris alikuwa mtu wa kusinziasinzia mawazo, kichwa chake hakikuwa pale muda wote. Akaingia lodi mmoja mnene sana. Grey kwa utani akamhesabu kumi. Akamtazama Norris. Norris hakushtuka. Basi Grey akaendelea: kumi na moja, kumi na mbili...

Karani akaandika: walioridhika 57, wasioridhika 55.

Kijana wa Ilala

😂😂😂 Huyo Grey ni wa kwetu kabisa.

binti_mwambao

Mume wa mtu kahesabiwa kumi na akapita zake bila kujua kwamba ametunga sheria.

Fundi Mizani

Subirini. 57 na 55 ni 112. Umesema mahudhurio 107.

Karani Mstaafu

Ndiyo maana niliwaambia mshike namba. 😀

Fundi Mizani

Haya tufanye hesabu. Mnene akihesabiwa kumi, kuna tisa hewa. 57 toa 9 ni 48. Kwa hiyo kura halisi 48 kwa 55, muswada ulishindwa. Jumla halisi 103, ambayo inaingia ndani ya 107, wanne wametoka nje kujisaidia au hawakupiga. Inafunga vizuri sana!

Wakili Mtoro

Inafunga vizuri mno, ndiyo inanitia wasiwasi. Burnet hakuwemo ukumbini 1679. Uaskofu aliupata 1689. Anasimulia alichosikia kwa watu, na watu wanapenda kisa cha mnene kuliko kisa cha karatasi. Na angalieni, yeye anasema kura ilikuwa ya kupitisha muswada, wakati Karani hapa ametuonyesha ilikuwa ya kukutana au kutokukutana. Shahidi aliyekosea swali lililoulizwa, mimi mahakamani ningemtoa jasho.

Fundi Mizani

Sasa hizo tano zilizozidi zimetoka wapi wakili? Majini?

Mtoto wa Mtera

Si nasikia malodi walikuwa na kura za wakala? Mtu anakaa kwake shamba anampa mwenzake ampigie. Zinaweza kuwa ndizo.

Karani Mstaafu

Kura za wakala zilikuwepo kweli. Duke wa Buckingham miaka ya 1620 alizikusanya nyingi mpaka 1626 wakaweka kikomo, mtu asishike zaidi ya mbili. Lakini hizo husomwa kutoka kwenye kitabu cha karani. Haziingii mlangoni na miguu. Wahesabuji wanahesabu vichwa.

Mimi nawapa maoni ya ukarani. Miaka hiyo niliwahi kuandika muhtasari wa mkutano mkuu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Mahudhurio 83, kura 91. Kelele zikaanza, watu wanataka kumpiga mweka hazina. Nikawa natetemeka na kalamu. Tulipokaa kuchunguza, kumbe kuna wanachama wanane walikuwa nyuma ya jengo wanakula wali, waliposikia kura inaanza wakaingia kwa mlango wa jikoni bila kusaini. Hakuna aliyeiba kitu. Daftari langu ndilo lililosinzia.

Kwa hiyo 107 ya Browne ni majina aliyoyaona yeye. Asubuhi ile, habari za mfalme kuja zimezagaa, watu wanaingia na kutoka, malodi watano wakaingia bila yeye kuinua kichwa? Nitashangaa wasingeingia. Na kama wahesabuji walikosea kidogo bila utani wowote, hilo nalo linatokea hata kwenye kuhesabu mbuzi.

Lakini pia sitaki kuwanyang'anya mnene wenu. Kuna masimulizi kwamba baada ya matokeo kusomwa Lord Chancellor alionekana kushangaa, na Shaftesbury alipoona uso ule akasimama haraka akaanza kuhutubia jambo jingine kabisa, akaongea karibu saa nzima. Malodi wakawa wanaingia na kutoka, mpaka ikawa hakuna namna ya kurudia hesabu kwa watu walewale. Iwe kweli ama chumvi, aliyeitunga anavijua vikao. Ukishashinda kwa kura mbili, badilisha ajenda.

Nyanya Chungu

Saa nzima na ini bovu. Huyo alikuwa anaitaka kweli hiyo sheria.

Odhis wa Kondele

Kwani mfalme alikuwa wapi wakati wote huu? Angekataa tu, si yeye ndiye mkubwa.

Karani Mstaafu

Alikuja Odhis. Siku hiyohiyo. Mkutano na Makabwela ukafanyika mbio, malodi wakaachia, muswada ukakamilika. Charles akaingia na joho na taji, akakaa kwenye kiti cha enzi. Mpambe wa malodi, yule wa fimbo nyeusi, akatumwa kwenda kuwaita Makabwela. Wakaja, Spika wao William Gregory mbele, wakasimama kwenye kizuizi wamebanana. Hawaingii ndani. Wanasikilizia hapohapo mlangoni.

Kisha vinasomwa vichwa vya miswada, kimoja kimoja, na karani anajibu kwa niaba ya mfalme kwa Kifaransa cha kale cha Wanormani. Ndiyo, Kifaransa, miaka 600 baada ya Wanormani kuivamia Uingereza. *Le Roy le veult*, mfalme anataka. Angekuwa hataki, karani angesema *Le Roy s'avisera*, mfalme atafikiria. Ndiyo hapana ya kiungwana. Wa mwisho kuitumia alikuwa Malkia Anne 1708, kuhusu jeshi la mgambo la Scotland.

Kichwa cha muswada wetu kikasomwa: sheria ya kulinda vema zaidi uhuru wa raia na kuzuia watu kufungwa ng'ambo ya bahari. *Le Roy le veult.*

Kwa nini alikubali? Kwa maoni yangu, alikuwa na moto mkubwa zaidi wa kuzima, ule wa mdogo wake James. Ukiwa unakwenda kuwafungia watu Bunge lao, unawaachia kitu mkononi ili wasitoke na mikono mitupu. Akawaambia amesikitishwa na ugomvi wa nyumba mbili, akaahirisha Bunge mpaka 14 Agosti. Bunge lile halikukutana tena. Julai akalivunja kabisa.

Na kwenye haraka ile kuna kitu kilidondoka chini ya meza. Sheria ya kudhibiti uchapishaji ya 1662 ilikuwa inahitaji kuhuishwa. Haikuhuishwa, ikafa mwaka huo. Vijarida vikafumuka London kama uyoga wa mvua za kwanza. Mfalme akapoteza kamba mbili kwa mpigo, moja kwa kusema ndiyo, nyingine kwa kusahau.

Kijana wa Ilala

Sasa sheria yenyewe ilisema nini? Tusije tukashangilia mnene bure.

Wakili Mtoro

Niruhusu Karani, hapa ni kwangu.

Mfungwa ana haki ya kupewa nakala ya hati iliyomfunga ndani ya saa 6. Hati ya jaji ikifika, mfungwa aletwe ndani ya siku 3 kama gereza liko maili 20 au pungufu. Siku 10 ikizidi hapo hadi maili 100. Siku 20 mbali zaidi ya hapo. Jaji analazimika hata akiwa likizo. Jaji akikataa anamlipa mfungwa pauni 500, kutoka mfukoni mwake. Mkuu wa gereza akizembea pauni 100, akirudia pauni 200 na kazi anapoteza. Hamisha hamisha ya magereza imezuiwa. Na kupeleka raia kufungwa Scotland, Ireland, Jersey, Guernsey au Tangier ni marufuku. Hiyo Tangier ni ileile ya Morocco, wakati huo ilikuwa ya Waingereza.

Sasa iliyoachwa: mtu wa madeni haimhusu. Aliyeandikiwa uhaini au kosa kubwa kwa maneno ya wazi hatolewi hapohapo, anasubiri kipindi cha mahakama. Na hakuna kikomo cha kiwango cha dhamana, kwa hiyo majaji wakawa wanataja pesa ambayo hata lodi hana. Tundu hilo likazibwa 1689, tena kwa maneno tu ya "dhamana isizidi kiasi".

Mnaona ilivyo? Hakuna neno moja zuri la haki za binadamu humo ndani. Ni saa, maili na faini.

Odhis wa Kondele

Na ndiyo maana inafanya kazi. Huku kwetu Kenya Katiba ya 2010 ibara ya 25 ina haki nne tu ambazo haziwezi kuwekewa mipaka hata iweje: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya habeas corpus. Nimewahi kuona mawakili wanakimbia nayo Ijumaa jioni mtu akipotea mikononi mwa polisi.

Wakili Mtoro

Uganda nayo ibara ya 23(9), hairuhusiwi kusitishwa. Bongo iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Mahakama Kuu ndiyo inatoa amri hizo. Tuliipokea pamoja na sheria nyingine za Kiingereza, tarehe yetu ya mapokezi ni 22 Julai 1920, ya Kenya ni 12 Agosti 1897. Lakini tukumbuke pia, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, 1962, tukatunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Hati mkononi, mlango umefungwa kwa ndani.

binti_mwambao

Na yule mtumwa wa London, James Somerset, 1772? Alikuwa amefungwa minyororo melini apelekwe Jamaica kuuzwa. Si kwa hati hiihii ndipo Lord Mansfield akaamuru aletwe na kuachiwa?

Karani Mstaafu

Ndiyo. Hati ya namna hiyohiyo, binti. Nahodha wa meli akaambiwa: mlete. Akamleta. Hawa malodi wa 1679 sidhani kama alikuwepo hata mmoja aliyewaza mtu mweusi ndani ya meli. Kuna waliokuwa na hisa kwenye biashara yenyewe, Shaftesbury akiwemo. Alikuwa na mkono kwenye kampuni ya biashara ya Afrika na kwenye koloni la Carolina. Sitaki tumvishe kilemba.

Nyanya Chungu

Wakaishia wapi hao wahuni wawili, Grey na Shaftesbury?

Karani Mstaafu

Shaftesbury alitiwa Tower tena Julai 1681, safari hii kwa uhaini. Na sheria yake mwenyewe haikumtoa haraka, alisota mpaka Novemba, jopo la raia wa London lilipokataa hata kumfungulia mashtaka. 1682 akakimbilia Uholanzi, Januari 1683 akafia Amsterdam.

Grey huyo ni sinema nzima. 1682 akatoroka na shemeji yake, kesi ikaunguruma London yote. 1683 akakamatwa kwa njama dhidi ya mfalme, akawatoroka walinzi. 1685 akawa kamanda wa farasi kwenye uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya mfalme mpya, James, wakachapwa vitani Sedgemoor, akakamatwa, akawataja wenzake, akasamehewa. Akafa 1701 akiwa na cheo kikubwa kuliko alichoanza nacho. Mtu wa kumhesabu mnene kumi huyo, sishangai.

Norris yeye alipewa uearl wa Abingdon 1682. Kusinzia hakukumpunguzia kitu.

Fundi Mizani

Na mnene mwenyewe? Jina lake?

Karani Mstaafu

Burnet hakumtaja. Ila kama alikuwepo, yumo kwenye safu za Browne, mmoja kati ya wale 107. Karani anaandika jina na cheo. Uzito hauna safu.

Wakili Mtoro

Au ni mmoja wa wale watano waliopita mlango wa jikoni.

Karani Mstaafu

😂😂 Wakili umeniweza.

Mtoto wa Mtera

Mkuu ulisema mwanzoni kuna lodi wanaosimama pale kwenye moto kupasha mikono. Nilisikia mfalme huyuhuyu naye alikuwa anakuja kusimama hapo kusikiliza kesi za ndoa za watu, ni kweli?

Karani Mstaafu

Kweli, 1670, muswada wa talaka ya Lord Roos. Alikuja akasema inachekesha kuliko kwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Hiyo ina uzi wake, na ina watoto ambao Bunge lilitunga sheria kusema si wake. Nitaileta Jumamosi, bundle likiruhusu.